Mshale wa mafuta ukisema nusu, si lazima iwe nusu

Shofere anayejiandaa kutoka Beni kwenda Komanda hutazama matairi, halafu anaweka kontakti na kutazama mshale wa mafuta kwenye tablo. Ukisimama juu kidogo ya nusu, wengi huondoka. Lakini kwenye barabara ya kitaifa nambari 4, kuishiwa na mafuta si jambo la kuchekwa na wenzako tu. Sababu ya mashambulizi, kuna sehemu ambazo magari yamekuwa yakipita kwa msafara unaolindwa na askari. Gari inayozimika katikati ya msafara inawekea hatari watu wake na wale walio nyuma yake. Inayobaki peke yake porini, saa kumi na moja jioni, iko katika shida kubwa zaidi.

Basi safari nzima hutegemea kile kipande kidogo cha tablo. Na ukweli ni huu: kati ya vipimo vyote ambavyo shofere anavitazama, mshale wa mafuta ni mmoja wa vile visivyosema sawasawa. Haukutengenezwa kuhesabu litri. Unaonyesha tu kitu kimoja kinachoelea kiko juu au chini namna gani.

Kitu kinachoelea ndani ya rezervwari

Ndani ya rezervwari ya gari kuna kipande chepesi cha plastiki, ambacho mafundi wengi wanakiita floteri. Kinaelea juu ya mafuta kama vile chupa tupu inavyoelea juu ya ziwa. Kimefungwa kwenye mkono mwembamba wa chuma. Mafuta yakipanda, mkono unapanda. Yakishuka, mkono unashuka. Upande wa pili wa mkono kuna kipande kinachosugua juu ya njia ya umeme. Kila mahali kinaposimama, umeme unapita kwa wingi au kwa uchache, na mshale kwenye tablo unafuata.

Kazi yote ni hiyo. Hakuna chombo kinachopima uzito wa mafuta, wala kinachohesabu litri moja moja. Kama rezervwari ingekuwa sanduku lenye kuta zilizonyooka, kimo cha mafuta kingetosha kuonyesha kiasi. Lakini rezervwari za magari ya leo hazina umbo hilo. Zimebanwa chini ya viti vya nyuma, zimezunguka bomba la moshi na chuma cha kupeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Nyingine ni pana juu na nyembamba chini. Sentimita moja ya mafuta sehemu ya juu inaweza kuwa litri nyingi, na sentimita moja ya chini ikawa litri chache.

Katika magari mengi ya miaka hii, kompyuta ndogo inajaribu kusahihisha hilo. Inajua umbo la rezervwari na inatafsiri kimo kuwa kiasi. Magari ya zamani, ambayo ndiyo mengi kwenye barabara zetu, hayana msaada huo, au yalikuwa nao na sasa piesi zake zimechoka.

Kwa nini nusu ya kwanza inakaa kuliko ya pili

Mashofere wengi wamekwisha kuona jambo hili: ukijaza rezervwari, mshale unakaa juu kabisa kwa kilomita nyingi kama vile gari haili kitu. Halafu unashuka taratibu mpaka nusu. Kutoka nusu kwenda chini, unakimbia. Wengine wanadhani mafuta ya juu ni mazuri na ya chini yamechanganywa. Sababu si hiyo.

Ya kwanza, floteri hufika kwenye paa la rezervwari mbele ya rezervwari kujaa. Litri za mwisho zinapoingia, na zile zinazobaki kwenye shingo ya kumiminia, floteri haiwezi kupanda tena. Gari inapoanza kutembea, inakula kwanza hizo litri ambazo mshale haukuziona. Ya pili ni umbo la rezervwari lenyewe. Ya tatu, wenye kutengeneza magari hupanga mshale uonyeshe sifuri mbele ya mafuta kuisha kabisa, ili shofere apate nafasi ya kutafuta stesheni. Sehemu ya mafuta iko nje ya mshale, juu na chini.

Kwa kuelewa hatari yake, chukua mfano wa gari ambayo kitabu chake kinasema rezervwari ni litri 60, na ambayo inakula litri 10 kwa kilomita 100. Imejazwa. Robo ya kwanza ya mshale inaipeleka kilomita 190. Robo ya pili, kilomita 150. Robo ya tatu, kilomita 130. Baada ya hapo inatembea kilomita 50 tu na taa inawaka. Jumla ni kilomita 520, maana yake litri 52.

Sasa tazama mahali mshale uliposema nusu. Gari ilikuwa imetembea kilomita 340, imekula litri 34. Zimebaki litri 26, si 30. Shofere anayesema moyoni mwake kwamba nusu imenileta, nusu itanirudisha, atahitaji litri 34 kwa kurudi. Akiendelea bila kuongeza, gari itazimika na kilomita 80 zingali mbele yake. Kwa kulinganisha, kutoka Beni mpaka mpakani Kasindi ni karibu kilomita 80. Huo si umbali wa kusukuma gari.

Mlima, mteremko na matope

Barabara nazo zinauchezea mshale. Gari ikipanda mlima, mafuta yote yanakimbilia nyuma ya rezervwari. Ikishuka, yanakimbilia mbele. Kama floteri iko upande wa nyuma, mshale unapanda bila mtu kuongeza hata tone. Kama iko mbele, unashuka. Anayeegesha gari kwenye miteremko ya Bukavu au ya Butembo anaweza kulala na robo na kuamka na chini ya robo, akamshuku mlinzi bure, wakati gari imeinama tu. Njia sahihi ya kusoma mshale ni kusimama mahali tambarare, kontakti ikiwa imewekwa, na kungoja kidogo.

Kungoja ni lazima kwa sababu mshale umepangwa kwenda polepole. Bila hivyo, kila shimo lingefanya urukeruke, maana mafuta yanatikisika. Upole huo una matokeo mengine ambayo yanaleta ugomvi barabarani. Mtu ananunua litri 2 au 3 kwa kadafi, anamimina, anatazama tablo: mshale haukutikisika. Anasema ameibiwa. Pengine kweli ameibiwa, lakini katika magari mengi yenye kompyuta, mafuta machache namna hiyo hayaonekani mara moja. Kompyuta inadhani ni kutikisika tu. Inangoja kiasi kikubwa zaidi, au inangoja gari izimwe na kuwashwa tena.

Magari mengine yanaandika pia kilomita zilizobaki. Namba hiyo inaonekana kuwa na elimu, kwa hiyo watu wanaiamini kuliko mshale. Lakini imejengwa juu ya mshale huohuo, ikigawanywa na namna gari ilivyokula mafuta katika kilomita zilizopita. Gari iliyotoka kutembea kwenye lami inaandika kilomita nyingi. Haijui kwamba mbele kuna udongo mwekundu, mvua ya usiku, na kilomita 20 za kutembea kwa gia ya kwanza na ya pili na magurudumu yote manne yakivuta. Gari iliyokula litri 10 kwa kilomita 100 kwenye lami inaweza kula 15 au zaidi kwenye matope ikiwa na mzigo. Ikikaa saa mbili kwenye foleni nyuma ya lori lililokwama, injini ikiwaka, inakula bila kutembea hata mita moja.

Taa ikiwaka

Baada ya mshale inakuja taa, ile ambayo wengi wanaiita ya rezerve. Yenyewe ni ya kuaminika zaidi kidogo, kwa sababu inaonya juu ya kiasi kimoja tu. Katika magari madogo mengi inawaka wakati zimebaki litri kati ya 5 na 10. Kiasi sawasawa kinaandikwa kwenye kitabu cha gari, lakini magari mengi hufika hapa bila kitabu, au na kitabu cha Kijapani.

Kwa gari ya mfano wetu, 60 ukitoa 52 ni litri 8. Kwenye lami, hizo ni kilomita 80 kwa hesabu. Kwenye matope, gari ikila 15 kwa kilomita 100, ni 53. Na si kila tone linaweza kuvutwa: gari ikiinama, bomba la kuvuta linaweza kunywa hewa na mafuta yangali yapo. Kwa hiyo mwenye busara huhesabu nusu tu ya anachodhani kimebaki. Taa ikiwaka, gari hii ipewe kilomita 40, si 80.

Kutembea kila siku na taa ikiwaka kunaharibu pia. Katika gari za esansi zenye pompi ya umeme ndani ya rezervwari, mafuta ndiyo yanayoipoesha. Ikibaki mara kwa mara nje ya mafuta, inapata joto na inakufa mapema. Kwa gari za mazutu, shida inakuja mafuta yakiisha kabisa: hewa inaingia kwenye mabomba, na kumimina litri 5 hakutoshi kuiwasha tena. Inafaa kuitoa hewa kwanza, kwa pompi ya mkono kama gari inayo. Shofere asiyejua kazi hiyo atangoja fundi, hata kama bidoni la mazutu liko mkononi mwake.

Maji, piesi za okazioni na uongo mwingine

Kuna jambo moja ambalo mshale hauwezi kamwe kulijua: ni nini kilichomo ndani ya rezervwari. Floteri inaelea juu ya esansi, juu ya mazutu, na inaelea pia juu ya maji. Mafuta yenye maji yanapandisha mshale kama mafuta safi. Na kwa kuwa maji ni mazito kuliko mafuta, yanakaa chini, mahali pompi inapovutia. Mshale unasema robo, gari inakohoa na kuzimika. Anayenunua kwenye chupa au bidoni la kupitisha mwanga anaweza kuliacha litulie dakika chache na kutazama chini: maji hujitenga na kufanya mstari.

Umeme nao una uongo wake. Waya ukilegea au ukiota kutu, mshale unaweza kuanguka sifuri ama kupanda juu na kukaa hapo; inategemea gari. Mshale usiotikisika kwa kilomita 200 si baraka, ni ugonjwa. Njia ya umeme ambayo mkono wa floteri unaisugua inachoka pia, zaidi katikati mahali inapopita kila siku. Hapo mshale unaruka, unaonyesha nusu, halafu sifuri, halafu nusu tena. Mafuta mabaya yanaongeza uharibifu. Mwaka 2004, katika majimbo ya kusini ya Marekani, esansi iliyokuwa na salfa nyingi iliharibu vipimo vya mafuta vya magari mengi, kwa sababu salfa ilikula sehemu ndogo za fedha zilizomo ndani yake.

Lakini kosa ambalo garaji za kwetu zinaweza kuliepuka ni lile la piesi. Floteri ya gari moja ikifungwa kwenye gari nyingine, inaweza kuingia vizuri na mshale ukatembea, huku ukisema uongo kila siku. Kila floteri imepimwa kwa rezervwari yake. Watu wamekwisha kufa kwa kosa la namna hiyo. Tarehe 6 Agosti 2005, ndege ya shirika la Tuninter la Tunisia, aina ya ATR 72, ilikuwa ikitoka Bari, Italia, kwenda Djerba. Siku moja mbele ya safari, mafundi walikuwa wamebadilisha kipimo chake cha mafuta. Kile walichoweka kilikuwa cha ATR 42, ndege ndogo ya familia hiyohiyo. Kiliingia mahali pake bila shida. Ndani ya ndege marubani waliona mafuta ya kutosha, na rezervwari zilikuwa zinaelekea kukauka. Injini zote mbili zilizimika juu ya bahari karibu na kisiwa cha Sicilia. Kati ya watu 39, 16 walikufa.

Gari haianguki baharini, lakini somo ni lilelile. Baada ya kubadilisha floteri, pompi au tablo, mshale usiaminiwe mpaka upimwe upya.

Yapo pia magari ambayo mshale wake unasema kweli na shofere anausoma vibaya. Aina zingine za Land Cruiser ndefu, zile zinazotumiwa sana kubeba wagonjwa na wafanyakazi wa misaada, zina rezervwari mbili za litri 90 kila moja na kibonyezo cha kuchagua. Mshale unaonyesha ile iliyochaguliwa tu. Shofere mpya asiyelijua hilo anaweza kudhani ameishiwa na nyingine imejaa, au kudhani zote zimejaa kumbe nyingine ni kavu. Kwa gari inayobeba mama mwenye uchungu usiku, hilo si jambo la kujifunzia njiani.

Motari na kijiti chake

Wenye moto wameelewa zamani kwamba mshale si wa kutegemea. Moto nyingi za kazi, kama Boxer na TVS, zinaingiza litri kati ya 10 na 12, na motari wengi hununua litri moja au mbili kwa mara moja. Wao hawatazami tablo. Wanaitikisa moto na kusikiliza, wanafungua kifuniko na kuchungulia. Chini ya rezervwari ya moto nyingi kuna robine yenye sehemu ya akiba: moto ikikohoa, motari anageuza robine na anajua amebaki na kiasi kidogo cha kufika kwa kadafi wa karibu. Na ile nayo ikiisha, anailaza moto upande ili mafuta yaliyojificha upande wa pili yahamie kwenye robine.

Mashofere wa malori nao wanatumia kijiti. Rezervwari ya lori iko nje, ina umbo lililonyooka na kifuniko kipana. Kijiti kinaingizwa mpaka chini, kinatolewa, na sehemu iliyolowa inapimwa. Mwenye akili alikichora alama siku ya kwanza, akimimina litri 20 kwa 20 na kukata mstari kila mara. Kijiti hicho hakina waya wala kompyuta, na kinasema kweli kuliko tablo. Katika magari madogo hakifai, maana shingo ya kumiminia imepinda na ndani yake mara nyingi kuna kizuizi.

Namna ya kuijua gari yako

Kwa gari ndogo na jipu, kijiti chake ni daftari. Kazi inafanyika hivi. Jaza rezervwari kwenye stesheni, kwenye pompi, mahali tambarare, mpaka bunduki ya pompi inapojizima mara ya kwanza. Usiendelee kulazimisha mpaka mdomoni: utaharibu hesabu, na katika gari zingine esansi itaingia kwenye mabomba ya mvuke ambayo hayakufanywa kwa kuipokea. Rudisha kilomita za safari kwenye sifuri, au andika zile zilizopo.

Halafu tembea kama kawaida. Mshale ukigusa robo tatu, andika kilomita. Ukigusa nusu, andika. Robo, andika. Taa ikiwaka, andika, kisha nenda moja kwa moja kwenye stesheni ileile, pompi ileile, na ujaze mpaka ijizime tena. Litri zilizoingia ndizo gari imekula. Zigawe kwa kilomita, uzidishe kwa 100: umepata gari inakula litri ngapi kwa kilomita 100. Ukitoa litri hizo kwenye kipimo cha rezervwari, umepata kilichobaki wakati taa inawaka.

Usiifanye hesabu hiyo kwa bidoni. Bidoni la manjano linaloitwa la litri 20 likijazwa mpaka mdomoni linapita 20, na likijazwa na mwenye haraka halifiki. Rudia kipimo mara tatu, na moja iwe kwenye barabara mbaya na mzigo. Namba mbili zitatoka, ya lami na ya matope. Kwa safari ya mbali, tumia ya matope.

Wengine watauliza juu ya joto, maana inasemwa kwamba mafuta yanavimba mchana na kununua asubuhi kuna faida. Esansi inavimba kweli, karibu sehemu moja kwa elfu kwa kila digrii. Litri 60 zikipata joto la digrii 10 zaidi zinaongeza kama nusu litri hivi. Mafuta ya stesheni yanatoka kwenye tenki lililo chini ya ardhi, ambamo joto halibadiliki sana kati ya asubuhi na mchana. Faida hiyo haimfikishi mtu popote.

Mwishoni, daftari linafaa kubaki ndani ya gari, karibu na karatasi zake, kwa sababu gari nyingi za hapa zinaendeshwa na watu zaidi ya mmoja. Shofere wa zamani anajua kwamba nusu ya gari ile ni kilomita 180 mpaka taa. Mpya hajui, na mshale hautamwambia. Mstari mmoja wa kalamu utamwambia: kutoka nusu, 180, kutoka robo, 50, taa ikiwaka, usipite 40. Akisoma hayo asubuhi mbele ya kuingia kwenye msafara, atajua kama inafaa kuondoka au kupita kwanza kwenye stesheni.